Nia na Msala

Mama yangu hakosi swala ya alfajiri, lakini vidonge vya presha alikuwa akivisahau kila wiki. Vilikaa kabatini, chini ya kanga. Tulikuwa tukimwambia, "Mama, tia nia." Leo naona tulimwonea. Nia alikuwa nayo tele.

Mtu akishindwa kuacha sukari au kuanza kutembea, twamwita mvivu. Basi mtazame mvutaji sigara aliyefunga. Mchana kutwa hagusi sigara, mwezi mzima, na asubuhi ya Idi anaiwasha pamoja na chai. Huyo naye hana nia? Mchana wa Ramadhani kila kitu kilikuwa kimebadilika pamoja naye: jiko limepoa, mgahawa umefungwa, jirani naye kafunga. Mwezi ulipoandama vyote vikaondoka, akabaki yeye na kiberiti chake.

Kiswahili kilishaliona jambo hili. Mtu huzoea kitu: huzoea njia, huzoea kazi, huzoea sauti ya mwenzake. Mazoea yana pande mbili sikuzote, mtu na kile anachokizoea, nasi tumekazana kuutengeneza upande wa mtu tu. Ndiyo maana kumhimiza mgonjwa wa kisukari atembee, huku barabara ya kwao haina hata ukingo wa kupita kwa miguu, naona ni ukatili, hata usemwe kwa upole namna gani.

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la afya, akalifunga kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kama kifungua kinywa. Kwa makadirio yao, tendo lilizoeleka baada ya siku 66 hivi, ila kwa wengine siku chache kama 18, kwa wengine hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho laiti tungelijua zamani. Ni wangapi wameacha dawa kwa aibu ya siku moja?

Mama alivihamisha vidonge mwenyewe. Alivitia kwenye kopo, kopo akaliweka juu ya msala. Ramadhani ilipoingia, daktari akamshauri avimeze baada ya futari. Siku ya Idi, kwa pirikapirika za wageni, alisahau kabisa. Kesho yake alfajiri alikwenda kuutandika msala, kopo likaanguka sakafuni, nikalisikia nikiwa chumba cha pili.