JE, KIKUNDI KIPYA CHA DINI KIANDIKISHWE AU KIFUNGWE?



Karatasi hii umepewa bure, usiitupe kabla hujaisoma. Sikuulizi dini yako. Pengine huna. Pengine bibi yako ni Mkatoliki wa Ngokolo, baba yako haendi popote, na kwako wewe Jumapili ni siku ya kulala, maana Jumamosi usiku kucha ulikuwa kwenye karasha unasaga mawe. Basi wewe ndiye ninayekuandikia.

Baada ya mkutano mmoja pale Katoro kijana alinifuata nyuma ya jukwaa. Vumbi la mawe lilikuwa bado mikononi mwake. Akasema: "Mchungaji, kule kwetu machimboni kimeingia kikundi kipya. Wanasali usiku, hawataki hospitali, wanasema makanisa yote yamekufa. Mwenyekiti wetu anasema hawana usajili, wafukuzwe. Sasa ninyi mnacho cheti. Kwani cheti ndicho kinachoifanya dini iwe dini?"

Nilimjibu haraka haraka. Nikasema, "Mwenyekiti wenu ana haki, wafukuzwe." Watu walikuwa wananisubiri niwaombee, nikamwacha. Lakini usiku ule gesti sikupata usingizi. Roho ilinihukumu. Kijana aliniuliza swali la kweli, nami nikamjibu kama polisi! Kwa hiyo haya ninayoandika ni jibu lake, popote alipo.

Kwanza tujue cheti ni nini. Katika Tanzania, kanisa au kikundi cha dini kikitaka kutambuliwa kisheria huandikishwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya, ambaye yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mnapeleka katiba yenu na majina ya viongozi. Mkikubaliwa mnapewa cheti, na kikundi kinajulikana serikalini kwa jina lake. Na Katiba ya nchi, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini anachoamini, na inasema kuendesha jumuiya za dini si kazi ya serikali.

Sasa wewe wa machimboni unajua leseni. Mtu akipewa leseni ya uchimbaji mdogo, ile karatasi inasema eneo ni lako, mipaka ni hii. Je, inasema chini kuna dhahabu? Haisemi! Wangapi Nyarugusu wana leseni safi kabisa, na duara lao limetoa maji na udongo tu? Afisa madini haapi kwamba mwamba wako una mali. Na Msajili naye haapi kwamba dini fulani ni ya kweli. Hawezi. Anaandika tu kwamba watu hawa wapo, wanajulikana, na viongozi wao ni hawa.

Kumbe basi kijana yule na mwenyekiti wake, na mimi pamoja nao, tulikuwa tumechanganya maswali mawili. Moja: hawa wana kweli ya Mungu? La pili: hawa waruhusiwe kuwapo? Ukiyachanganya utakosea yote mawili.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 19. Paulo alifika Efeso na Njia mpya, dini ambayo haikuwa na cheti cha mtu yeyote. Nani alianzisha fujo? Ni Demetrio, fundi wa vihekalu vya fedha. Aliwakusanya mafundi wenzake akawaeleza wazi kwamba biashara yao itakufa. Ndipo akaongeza habari ya heshima ya mungu wao. Unaona mpango huo? Pesa kwanza, dini baadaye! Mji ukajaa kelele kwa muda wa saa mbili, wengi hata hawajui kwa nini wamekusanyika. Aliyeokoa hali hakuwa mtume, alikuwa karani wa mji, mtu wa serikali, tena si Mkristo. Aliwaambia kwamba watu hawa hawakuiba hekaluni, na kama Demetrio ana shitaka, mahakama ziko wazi, aende akashitaki. Nampenda sana yule karani. Hakuuliza Paulo anaamini nini. Aliuliza AMEFANYA nini.

Na kanisa lile liliendelea bila kutambuliwa katika Dola ya Rumi hadi mwanzoni mwa karne ya nne. Mwaka 313 ndipo Konstantino na Lisinio walipokubaliana kuwaacha Wakristo waabudu kwa uhuru. Karibu miaka 300! Kama cheti ndicho kinachofanya dini iwe dini, basi Petro na Paulo walikufa bila dini.

Utaniambia hayo ni ya Rumi. Haya, njoo kwetu. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku Tanzania mwaka 1965. Walikaa bila kutambuliwa hadi 1987 walipoandikishwa. Mimi mafundisho yao siyakubali hata kidogo. Habari yao ya Yesu ni nani tumebishana nayo mlangoni mara nyingi, na tutaendelea kubishana. Lakini jiulize: katika miaka ile 22, je, marufuku iliwafanya waamini kama mimi? Haikuwafanya. Walikutana kwa siri. Mtu hageuzwi moyo kwa amri ya wizara. Tena baadaye wanafunzi wao kule Mbozi walifukuzwa shule kwa sababu hawakutaka kuimba wimbo wa taifa. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na mwezi wa saba mwaka 2013 mahakama ikasema watoto wale walionewa. Mimi wimbo wa taifa nauimba kwa sauti kubwa. Lakini hukumu ile naiona ni ya haki, maana uhuru unaowalinda wale ndio huo huo unaoniwekea mimi jukwaa pale Katoro.

Walokole wengi hawapendi nikisema hivi. Wanataka serikali iwafunge "wale wengine". Jamani! Panga ukilinoa kwa ajili ya jirani halijui shamba lako ni lipi. Mwezi wa sita 2025 Msajili alilifutia usajili kanisa la Ufufuo na Uzima, kwa madai kwamba mahubiri yalichanganywa na siasa. Hao hawakuwa kikundi cha porini. Walikuwa watu wa mikutano ya injili kama sisi, na milango ilifungwa kwa siku moja.

Au mtazame Simon Kimbangu wa Kongo. Mwaka 1921 alihubiri na kuombea wagonjwa kwa miezi michache tu, Wabelgiji wakaona hatari, wakamhukumu kifo, kisha ikawa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Lubumbashi mwaka 1951. Mwaka 1959 Wabelgiji hao hao wakalitambua kanisa la wafuasi wake. Je, siku ile Kimbangu aligeuka kutoka mwongo kuwa mkweli? Hapana, serikali ndiyo iliyogeuka. Na mambo ambayo baadhi ya wafuasi wake walikuja kuyafundisha baadaye juu yake mimi siwezi kuyapokea. Cheti hakikuyazuia, wala hakikuyaleta.

Lakini ngoja. Najua unachotaka kusema. Shakahola je?

Hapo ndipo usingizi uliponiishia. Mwezi wa nne mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, walianza kufukua makaburi. Watu walikuwa wameambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Wengi walikuwa watoto! Mhubiri wao, Paul Mackenzie, pamoja na wenzake, walishtakiwa mwezi wa pili 2024 kwa mauaji ya watoto 191, nao wakakana. Na kabla ya hapo, mwezi wa tatu tarehe 17 mwaka 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Miili mingine ikakutwa imezikwa chini ya nyumba zao.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Kanungu walikuwa WAMEANDIKISHWA. Kanisa la Mackenzie nalo lilikuwa LIMEANDIKISHWA. Usajili wake ulifutwa mwaka 2023, makaburi yakiwa yameshafunguliwa. Ina maana wenye mamlaka walikuwa na jina lao, wanawajua. Na kwa Mackenzie dalili zilikuwepo: tangu 2017 alikuwa ameshafikishwa mahakamani kwa habari ya watoto kukatazwa shule. Watoto kutolewa shule si fundisho, hilo ni tendo. Mtoto kunyimwa chakula ni tendo. Mzazi kuuza shamba na kuhamia porini na watoto wadogo, majirani wakiwa wanaona, ni tendo. Hapo ndipo mwenyekiti wa kitongoji anapohitajika, na polisi, na mwalimu mkuu anayeona dawati limekuwa wazi wiki ya tatu. Wasingoje kuuliza kama wana cheti. Hata wakiwa nacho, wakamatwe!

Sisi wa kanda hii hatuna haja ya kwenda Kenya kujifunza. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa Shinyanga, Geita na Mwanza, kwa sababu mganga alimwambia mtu kwamba kiungo cha binadamu kitavuta dhahabu kwenye duara. Waganga wale, wengine walikuwa na leseni. Ndiyo maana mwezi wa kwanza 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuzifuta zote. Na 2015 serikali ikatangaza marufuku tena, maana ile ya kwanza haikutosha. Lakini angalia kilichotokea Septemba 2009: Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 wa Bukombe mwenye ualbino. Miaka 14! Labda ni umri wa mdogo wako. Mahakama haikuhangaika kujua kama imani yao inastahili kuitwa dini. Kulikuwa na mtoto aliyekufa na kulikuwa na mikono iliyomuua. Hilo lilitosha.

Kwa hiyo kijana wa Katoro, nafuta jibu langu la kwanza. Kile kikundi kikitaka kuandikishwa na kikatimiza masharti, kiandikishwe, hata kama kinasema kanisa langu limekufa. Afadhali wawe na jina, na viongozi wanaojulikana, kuliko kuwasukuma porini ambako hakuna jicho linalowaona. Wakisali usiku, waache wasali. Lakini mtoto wao akiugua malaria na wakamzuia asipelekwe zahanati, usinitafute mimi wala Msajili. Kimbia kituo cha polisi usiku huo huo. Mtu mzima akikataa dawa yake mwenyewe, tutabishana naye na kumbembeleza. Mtoto hajachagua.

Najua jibu hili lina shimo. Atatokea mtu ataniambia, "Mchungaji, ukingoja tendo, umechelewa, mtu ameshakufa." Ni kweli, wakati mwingine utachelewa. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba kuhukumu watu kwa yale wasiyofanya bado ndiko kulikompeleka Kimbangu gerezani, na ndiko kungewamaliza walokole wa kwanza wa nchi hii, walioitwa wendawazimu kwa kunena kwa lugha.

Lakini lile swali jingine, kwamba wana kweli ya Mungu au hawana, hilo limebaki mikononi mwako wewe. Serikali haitakujibia. Yesu alisema manabii wa uongo watakuja wamevaa kama kondoo, na akatuelekeza tutazame matunda (Mathayo 7). Basi watazame. Je, kiongozi anakula nini wakati anawaambia ninyi mfunge? Ukitaka kuondoka, wanakuombea heri au wanakutishia kifo? Wanakuacha uongee na mama yako? Pesa inaingia wapi? Na vipimo hivi vitumie KWETU pia! Usituonee haya. Wako wanaojiita watumishi wanaouza chupa ya maji na kitambaa kwa wachimbaji wakisema duara litatema. Huyo ana tofauti gani na mganga? Mwenye suti akiuza bahati, bado ni bahati anauza. Na vyeti vyao vimetundikwa ukutani, vina na fremu.

Yesu ninayemhubiri hakumwambia mtu ajiue kwa njaa ili amwone. Watu walipokuwa na njaa nyikani aliwalisha. Alikufa YEYE, ili mtoto wa mtu asife. Ukipeleka kundi lolote, jipya au la zamani, mbele ya msalaba ule, utaona upesi nani anamtoa nani sadaka.

Siku ya mwisho wa mkutano tutakuwepo mpaka usiku. Njoo mbele, au kaa nyuma kabisa na buti zako za kazi, haidhuru. Lete na maswali, safari hii sitajibu haraka haraka. Na kama hutaki kungoja, hapo ulipo unaweza kuomba hivi, kwa maneno haya au kwa yako:

Bwana Yesu, sijui ni wapi penye kweli. Nimeona wengi wakitumia jina lako vibaya, ninaogopa kudanganywa. Kama u hai, nionyeshe. Nisamehe dhambi zangu. Nilinde na watu watakaotaka kunitumia, hata kama wanakutaja wewe. Wakumbuke wale watoto. Nipokee. Amina.