Kabla ya kumwona wakili wa talaka: siri za ndoa zisemwe hadi wapi?

Mwanamke wa Kiislamu anayetoka Handeni kuja Korogwe kumwona wakili juu ya ndoa yake kwa mara ya kwanza huja na bahasha ya makaratasi, na swali ambalo mimi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya darsa: Ustadhi, nikimweleza mtu baki aibu za mume wangu, si nitakuwa nasengenya?

Swali hili si dogo. Wapo walionyamaza hadi shamba likauzwa, kwa kuwa waliambiwa mke mwema hafungui mdomo. Basi tuitazame Sunna. Bi Hind bint Utbah (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akashitaki kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Mtume hakumkemea kwa kumtaja mumewe. Alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha, kwa wema. Imam Nawawi aliitaja hadithi hiyo alipoeleza kuwa anayetafuta fatwa au haki yake hayumo katika wasengenyaji.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalichukua jibu hilo nusu. Ruhusa ni ya kudai haki, si ya kumvua mtu nguo. Ulevi wa shemeji na maneno ya mama mkwe vinamsaidia nini wakili? (Mambo ya chumbani nayo yaachwe, ila kama ndiyo dhulma yenyewe, hapo lazima yasemwe.)

Na ipo hadithi ya Bi Ummu Salama (r.a.) inayopasa kututisha. Mtume alieleza kuwa yeye ni binadamu, anahukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake. Basi atakayepewa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Sasa wakili kazi yake si ndiyo hiyo, kukufanya uwe hodari wa hoja? Kwa hiyo anayemficha nusu ya habari anajitafutia moto kwa fedha zake mwenyewe.

Hata mahakamani nusu ya habari haisaidii. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983 inatajwa sana, kwa kuwa Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwisho wake hautajwi: rufaa ilishindwa, kwani mumewe, baharia, alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya.

Makaratasi nayo yasidharauliwe. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani kabla baraza la usuluhishi halijathibitisha kuwa limeshindwa kupatanisha. Kwa Waislamu wengi baraza hilo ni la BAKWATA. Basi njoo na hati ya baraza, cheti cha ndoa, na karatasi ya talaka kama umepewa. Shamba likiwa halina hati, njoo na barua ya serikali ya kijiji na majina ya mnaopakana nao.

Mama mmoja wa Handeni alinionesha daftari la makosa ya mumewe, kurasa nne. Nilimwomba aongeze ukurasa wa yale ambayo mume atayasema juu yake. Alikaa kimya kitambo, kisha akaandika: mbuzi sita niliwauza bila kumwambia. Baadaye aliniarifu kuwa wakili alianzia hapo, akamuuliza fedha zilikwenda wapi. Zilikwenda kwenye ada ya shule ya watoto, na risiti anazo.