Khasara ya Mmoja Kulipwa na Wote

Skuli ikiunguliwa na bweni, kuna desturi iliyokwisha kuzoeleka katika nchi yetu: wanafunzi hurudishwa makwao, kisha kila mzazi huambiwa alete fungu lake la fedha ndipo mwanawe apokelewe. Aliyetia moto hulipa, na aliyekuwa amelala hulipa sawasawa naye. Twauliza, je, huu ni uadilifu?

Wanaoitetea desturi hii wana hoja, wala si dhaifu. Wasema kwamba petroli hununuliwa, ikafichwa, na wengi wakajua wakanyamaza; na kunyamaza ni kushiriki. Nasi twakubali kuwa ajuaye ana lawama. Lakini asiyejua je? Na mtoto mdogo wa skuli aliyesikia mnong'ono, akachelea kupigwa usiku na wakubwa wake, amwambie nani? Kumtoza huyu faini, hali hakufunguliwa mlango wa kusema, ni kumdai deni asilolikopa. Tena ni kumfunza kwamba wema hauna faida, kwani mwema na mwovu wapimwa kwa mizani moja.

Na wakubwa nao wana fungu lao, ambalo hatujaona likigawanywa. Mwezi wa Machi 1998 mabinti 26 walikufa katika bweni la skuli ya Bombolulu, hapa hapa pwani. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika moto uliotiwa kwa petroli. Kote kuwili madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango umefungwa. Chuma kinachowekwa kuzuia mwivi kiliwazuia watoto. Mwaka 2008 Serikali ikatoa kanuni: madirisha yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe wanafunzi wakiwa ndani. Kanuni ni njema. Twende tukaitazame milango yenyewe.

Mwaka 2016 skuli zaidi ya 100 zilitiwa moto, nyingi katika muhula wa pili, mitihani ya majaribio ikikaribia. Basi wakati wa hatari wajulikana, kama ujulikanavyo msimu wa kusi. Mbona waalimu na wazee wasikae na vijana kabla ya majira hayo, wakasikiliza malalamiko yao, hata yale ya chakula ambayo sisi twayaona madogo?

Mkosa akithibitishwa na alipe, na mzazi wake pamoja naye. Ama wazazi wengine, wanapoitwa mkutanoni kugawanyiwa deni, na waulize kwanza: usiku ule, funguo za bweni alikuwa nazo nani?