Je, Kifaa cha Kufundishia Kinaruhusiwa Kudanganya?

Tuseme wanafunzi wa uhandisi wanaunda kifaa cha kufundishia thamodinamiki kwa watoto wa visiwa vya Wabajuni, kama Ngumi, kusini mwa Kismayo. Je, wafiche joto linalopotea ili somo lieleweke, au waliache lionekane?

Wanaotetea kuficha wana hoja. Anayeanza hawezi kubeba yote kwa pamoja. Ramani nayo huacha mengi, na hatuiiti ya uongo. Lakini ramani isiyoonesha miti si sawa na ile isiyoonesha mwamba mahali mashua zinapopita. Katika thamodinamiki, upotevu ndio mwamba wenyewe: hakuna injini inayozunguka ikageuza joto lote kuwa kazi.

Mwaka 1763 James Watt, fundi wa vifaa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa atengeneze kielelezo cha injini ya mvuke ya Newcomen kilichotumika darasani. Kilifanya kazi kwa mipigo michache tu, kisha kikasimama. Watt hakuridhika kukiziba kasoro. Aliuliza mvuke unakwenda wapi. Aligundua kuwa mwingi unaishia kupasha upya silinda iliyopozwa kila pigo. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni. Kasoro ndiyo iliyomfundisha.

Karibu nasi, mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa jokofuni ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa, lakini hakubadili alichokiona. Wanasayansi wanalibishania jambo hilo hadi leo, nao ubishi huo umetokana na ukweli wa kijana mmoja.

Kifaa kisichoonesha kasoro huua ukweli wa namna hiyo. Mwanafunzi akipata namba tofauti na ya kitabu, hujiona mjinga, akanakili ya kitabu. Hapo ndipo udanganyifu unapoanza, na kesho huyo ndiye atakayethibitisha usalama wa boila.

Kwa hiyo kifaa kiwe cha kawaida: mtungi wa udongo, dumu la plastiki, maji yaleyale na kipimajoto. Mtungi hutoa jasho, na maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Siku ya unyevu mwingi hewani tofauti itapungua. Siku hiyo nayo iandikwe daftarini kama ilivyo, na mwalimu aipe alama kamili.