Pumzi Zetu Ukutani

Enyi watu wa visiwa vya Fuma, Koyama, Chovai na Chula, nanyi mliotawanyika kutoka Kismayo hadi Mombasa! Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, na nyoyo zetu huwakimbilia wale vijana waliolala pangoni na mbwa wao, tukaipita upesi habari ya jua: kwamba lilipochomoza liliwaepuka, na lilipotua liliwapita kando. Mola anayehifadhi kwa neno moja ametutajia mwelekeo wa mwanga pangoni. Sisi tuna udhuru gani wa kutopima?

Tazameni pango la Lascaux, kule Ufaransa. Farasi na mafahali wamechorwa humo tangu maelfu ya miaka, na giza likawatunza. Mwaka 1940 vijana wanne wakalivumbua pango. 1948 likafunguliwa, watu wakafurika hadi 1,200 kwa siku. Hakuna aliyeingia na shoka. Waliingia na mapenzi, na kila mmoja aliingia na joto la mwili wake, jasho lake na pumzi zake. Pumzi ina maji na hewa ya ukaa; ikikutana na mwamba uliopoa, mwamba hutoka jasho, na juu ya jasho hilo mwani wa kijani ukaota, kisha utando mweupe wa chokaa ukaanza kuzifunika rangi. Mwaka 1963 waziri André Malraux akafunga mlango. Mngedhani yameisha! Ikawekwa mitambo mipya ya hewa, na 2001 kuvu jeupe likaenea pangoni.

Basi msiniambie kwamba nia njema inatosha.

Na sisi tuna mapango ya michoro ya Laas Geel, kati ya Hargeisa na Berbera. Wafugaji walipajua zamani. Wataalamu wa Kifaransa wakiongozwa na Xavier Gutherz walifika 2002, wakastaajabu. Ng'ombe wenye shingo zilizopambwa, rangi bado mbichi machoni! Lakini hayo ni mapango mafupi yaliyo wazi, jua na upepo wenye vumbi vinaingia bila hodi. Wa kuyalinda lazima apime joto la mwamba wenyewe, si la hewa peke yake. Apime unyevu mchana na usiku, masika na kiangazi. Kipimo cha siku moja ni uvumi tu. Na anayemwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha ya simu, mzuieni mkono, hata akiwa mgeni wenu.

Mtasema: Fuma hatuna ng'ombe wa ukutani. Kweli. Tuna visiwa vyenye misikiti na makaburi ya matumbawe na chokaa, na adui ni yule yule: unyevu. Piteni kidole kwenye lipu ya zamani: unga unaobaki kidoleni una chumvi ndani yake. Usiku chumvi hunywa unyevu wa bahari, mchana hukauka na kuwa chembe ngumu, na kila chembe inayokua huipasua lipu kutoka ndani. Halafu anakuja mfadhili na saruji, anaziba, anapigiwa makofi, na unyevu unabaki umefungiwa ndani!

Nyinyi mnaosoma kusi na kaskazi kwa ngozi ya uso, someni na ukuta. Kipimajoto, kipima unyevu, daftari lenye tarehe na saa. Vijana wa madrasa wapokezane, alfajiri, adhuhuri na magharibi. Mwaka mzima. Fundi wa saruji angoje nje mpaka daftari lijae.