Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 22: Kilwa ni mbali, Kigamboni ni mbali zaidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tumshukuru Allah aliyetufikisha kumi la mwisho. Najua wengine usiku mmesimama, daku mmekula macho yamefumba, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Leo nina swali, na nimelipata nyumbani kwangu, hapa hapa Kurasini.

Kila mwaka likiingia kumi hili, mimi na mama watoto tunakaa chini kupanga safari ya Idd. Yeye kwao Pangani. Mimi mama yangu yuko Kilwa Kivinje, alirudi kwao baada ya mzee kufariki. Mmoja kaskazini, mmoja kusini, na mfuko ni mmoja. Kwa hiyo tuliwekeana zamu: Idd hii kwao, Idd ijayo kwetu. Mwaka huu zamu ni ya Pangani. Lakini mama yangu amelegea, magoti yanamsumbua, siku hizi hata kwa jirani haendi. Nikamwomba mwenzangu anipe zamu yake.

Hakukataa. Ila alileta hoja, na hoja yenyewe ilinikalia kooni.

"Baba watoto, nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, zawadi, na vya njiani, haipungui laki tatu na nusu. Kwa nini tusimtumie mama hela zote kwenye simu? Atanunua dawa, atamlipa binti wa kumsaidia kazi, na Idd yake itakuwa nzuri. Sisi tukienda, nusu inaishia kwenye basi, halafu yeye na magoti yake ndiye atakayehangaika kutupikia."

Ndugu zangu, hoja hii si ya kipuuzi. Wako wenzetu wapo Muscat, wapo Ulaya, miaka inapita, hela ya simu ndiyo mkono wao kwa wazazi, na Allah anajua nia zao. Tena yapo mazingira ambayo hela ndiyo udugu wenyewe. Mzazi amelala bila dawa, wewe unampelekea uso na maneno matamu, umemuunga vipi? Na kweli kuna wageni wa Idd ambao wakishaondoka, mwenye nyumba anabaki na deni la dukani.

Kwa hiyo sikumbishia haraka. Nilimkumbusha kitu tulichokiona pamoja miaka miwili nyuma. Kwa miezi mingi mama alikuwa akipokea simu na kusema, "Mzima kabisa mwanangu, sina neno." Tukawa tunatuma, tunalala usingizi. Tulipokwenda, tukamkuta anapapasa ukuta kutoka chumbani kwenda uani. Mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa karibu kuzima, na hakutaka kutusumbua. Hela inajibu lile uliloambiwa. Lile ulilofichwa utaliona ukifika mwenyewe, ukae, uangalie mtu anavyonyanyuka kwenye mkeka.

Nikamwambia na habari za baba yangu. Alifanya kazi ya kubeba mizigo bandarini, mshahara mdogo, na kwenda Kilwa enzi hizo haikuwa safari ya leo. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikizidi watu walilala ng'ambo wakisubiri. Bado alikuwa anakwenda. Sisi tumejengewa Daraja la Mkapa tangu mwaka 2003, karibu kilomita nzima, basi linapita hata hujamaliza kufungua maji yako. Kweli bado kuna mitihani. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara pale Somanga, kusini na Dar zikatengana. Lakini siku nyingi njia iko wazi, kilomita kama 300, asubuhi unatoka Mbagala na alasiri unaswali Kivinje. Nikamalizia kwa kujiamini: "Udugu hauungwi kwa simu peke yake. Lazima mguu ufike."

Mama watoto alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekubali. Zamu yangu nimekupa, na Pangani nitawapigia mwenyewe. Lakini kwa maneno yako hayo hayo, shemeji yangu wa ng'ambo ya daraja umemwona lini?"

Ndugu zangu, nilitamani adhana iingie muda ule ule.

Nina kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja. Anaishi Kigamboni, upande wa Vijibweni. Kutoka kwangu mpaka kwake kuna Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa Aprili 2016, mita 680 juu ya maji. Usiku taa zake naziona. Kilwa kilomita 300 nakwenda. Mita 680 nimeshindwa kwa miaka sita.

Sababu ni nyumba ya mzee. Wenyeji wa Kurasini mnajua, wengi tulipisha maeneo yetu kwa ajili ya shughuli za bandari na miradi ya biashara, tukalipwa fidia, tukatawanyika: huyu Mbagala, huyu Chanika, huyu Kigamboni. Nyumba yetu nayo ilipita humo. Kaka ndiye mkubwa, ndiye aliyesaini na kupokea. Fungu langu lilikuja limechelewa, na kwa hesabu zangu lilikuja pungufu. Yeye ana hesabu zake. Tukarushiana maneno siku moja mbele ya watoto, na tangu hapo basi.

Mama hajui. Kila nikimpigia ananiuliza, "Kaka yako hajambo?" Nami namjibu, "Hajambo mama." Nimelisema neno hilo Ramadhani baada ya Ramadhani nikiwa nimefunga. Kwa kweli nilikuwa sijui kama anajambo au hajambo.

Sasa hili ndilo swali langu la leo: je, safari nzuri inaweza kuwa maficho?

Naona inaweza. Kwenda kwa mama ni jasho, lakini ni jasho tamu. Ukifika unapokewa begi, unaombewa dua, majirani wanasema huyu mtoto ana radhi. Ukirudi Dar unajihisi mtu wa kuunga udugu. Kumbe umeuunga pale ambapo haukuwa umekatika. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, kwamba muunga udugu wa kweli si yule anayerudisha wema aliotendewa, ni yule ambaye ndugu zake wakikata, yeye anaunga. Kwa kipimo hicho, tiketi yangu ya Kilwa haikuwa ushahidi wa kitu kikubwa. Mama hajawahi kunikata hata siku moja.

Sisemi kwenda kwa mama si ibada. Ni ibada kubwa, na haki ya mama iko juu. Ninachosema ni kwamba ibada moja haiwezi kutumika kuifunika nyingine tunayoikimbia.

Najua utaniambia nilichojiambia mimi miaka yote sita: "Lakini yeye ndiye aliyenidhulumu. Nikianza mimi kumsalimia, si nimekubali kwamba alikuwa sahihi?"

Hapa ndipo kisa cha Sayyidna Abubakar (r.a.) kinanisaidia. Alikuwa na jamaa yake maskini, Mistah, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimpa matumizi. Ilipozuka ile fitina ya kumsingizia Bibi Aisha (r.a.), Mistah naye alikuwa miongoni mwa walioisambaza. Fikiria: mtu unamlisha, halafu anamchafua binti yako. Abubakar akaapa hatompa tena kitu. Ndipo ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur, ikiwataka wenye uwezo wasiape kuacha kuwapa jamaa zao, bali wasamehe, na ikiwauliza kama wao wenyewe hawapendi Allah awasamehe. Abubakar akarudisha matumizi yale.

Lakini angalieni jambo moja. Mistah hakuambiwa kwamba alikuwa sahihi. Vitabu vya Sunna vinaeleza kuwa aliadhibiwa kwa uzushi ule. Haki ilichukua njia yake, na udugu ukachukua njia yake. Ni mafaili mawili. Sisi tumeyabana pamoja kwa pini moja, tukasema mpaka la nyumba ya mzee liishe ndipo salamu ianze. Halafu la nyumba haliishi, kwa sababu watu wasiosalimiana watalimalizaje?

Kwa hiyo kumpa ndugu salamu si kumsamehe deni. Unaweza kumsalimia asubuhi na jioni mkakaa mbele ya wazee na karatasi zenu. Dini haijatuambia tunyang'anywe tukiwa tunatabasamu. Imetukataza tu kumhama ndugu yetu Muislamu zaidi ya siku tatu, na ikasema mbora wa wawili hao ni yule anayeanza kwa salamu. Siku tatu, ndugu zangu. Mimi nilikuwa na miaka sita.

Niweke na tahadhari, maana tunaosoma hapa hatuko sawa. Kuna dada aliyekimbia nyumba ya ndugu kwa sababu alikuwa anapigwa. Kuna mtu aliyeumizwa utotoni na jamaa yake wa karibu. Huyu simwambii apande bajaji akagonge mlango leo. Kujilinda na madhara si kukata udugu, na yeye dua yake kutoka mbali inatosha, na akae na wenye elimu wamuelekeze. Ninaowasema ni wenzangu mimi, ambao hatuogopi kupigwa. Tunaogopa kuonekana tumeshuka.

Na kwa nini haya leo, tarehe 22? Kwa sababu tunautafuta usiku mtukufu. Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda kuwaeleza watu Lailatul Qadri ni usiku upi, akawakuta watu wawili wanagombana, na ujuzi wa usiku ule ukaondolewa. Akasema huenda kheri ikawa humo, na watu wautafute. Kila nikisoma hadithi hii najiuliza: ugomvi wa watu wawili tu uliwakosesha umma mzima kuujua usiku wenyewe. Mimi nasimama usiku nautafuta, na ugomvi wangu nimeubeba mfukoni?

Juzi tulivuka. Mimi, mama watoto na wanetu, kwenye bajaji, na pakiti mbili za tende. Sikupiga simu, niliogopa nitapata sababu ya kughairi. Kaka alikuwa barazani na kanzu yake, anasubiri magharibi. Alituangalia. Akasema "Karibuni" kama anavyomwambia mgeni yeyote. Hakuinuka. Mke wake ndiye aliyetoka na mikono ya unga akawakumbatia watoto.

Tulifuturu hapo: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi. La nyumba halikutajwa. Sitawadanganya kwamba kulikuwa na machozi na kukumbatiana, haikuwa hivyo. Tuliongea habari za mvua na bei ya sukari. Tulipomaliza kuswali akaniuliza, "Mama anasemaje?" Nikamwambia habari za magoti. Akasema anajua, yeye ndiye anayetuma hela ya dawa ya kuchua kila mwezi. Kisha akaangalia chini: "Kila nikimpigia ananiuliza mdogo wako hajambo. Namwambia hajambo."

Basi tukanyamaza wote wawili. Mama yetu alikuwa anauliza swali moja kwa watoto wawili, na anapokea uongo mmoja kutoka pande mbili. Siku hizi nahisi alikuwa anajua. Wazazi wana namna yao ya kuuliza.

Tarehe 28, Allah akipenda, tunakwenda Kilwa. Nilimwambia kaka kwamba kwenye basi nafasi zitapatikana. Hakusema atakuja, hakusema haji. Alisema ataangalia. Na bado naamini kuna haki yangu pale; baada ya Idd nitamwomba tukae na wazee, mchana, na karatasi mezani. Lakini mama akiniuliza safari hii "kaka yako hajambo?", nitamjibu neno ambalo ninalijua.

Kazi ya leo, kwangu na kwako: kabla hujakata tiketi ya Idd, fungua simu, pita kwenye majina polepole. Kuna jina kidole chako kinaliruka haraka. Huenda anakaa mtaa wa pili. Mwanzie huyo kwanza, hata kwa salamu tu, kisha safiri zako kwa amani. Na wenye zamu kama sisi, muombane zamu kwa uzuri. Anayekupa zamu yake amekupa kitu, usimsahau mwakani. Pangani tunakwenda Idd ijayo, na nimeshaahidi mbele yenu.

Ewe Mola wetu, tuunganishie nyoyo zetu, wape afya wazazi wetu walio hai, warehemu waliotangulia, na usitufanye tukautafuta usiku wako mtukufu huku tumewafungia milango ndugu zetu. Amin.

Zakatul fitri tuitoe mapema imfikie mwenye haki kabla ya swala ya Idd. Kesho in shaa Allah tukutane hapa hapa. Ukiona lina faida, mfikishie na mwenzako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.