BINGWA AKIANGUKA, NANI ALIYEDANGANYWA?

Baada ya Idd el-Fitri ya mwaka 2024 nilikwenda Kagondo, Muleba, kuwaona jamaa. Ilikuwa safari ya kusalimia tu, lakini nilipofika nilikuta kesi. Kijana wa kaka yangu, anayeendesha bodaboda, alikuwa ameuza butura kahawa ya kibanja kizima bila baba yake kujua. Kwa wasomaji wasiozijua desturi za Kagera, butura ni kuuza kahawa ingali mbichi mtini, pengine ingali maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mvunaji ni wewe lakini mwenye mali ni mwingine.

Nikauliza, fedha zilikwenda wapi? Nikaambiwa zimekwenda kwenye tenisi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kagondo, ambako sijapata kuona uwanja wa tenisi hata mmoja! Kumbe siku hizi uwanja uko ndani ya simu. Mpira wa Ulaya ukilala, tenisi inachezwa Marekani, Australia, popote, usiku na mchana, na kampuni za kubeti hazifungi duka.

Kijana mwenyewe aliitwa akaja, akanipa shikamoo, akakaa chini ameinamisha kichwa. Lakini alipotakiwa kujieleza aliinua kichwa. "Baba mdogo," aliniambia, "kosa la kuuza kahawa nalikubali. Lakini mimi sikucheza kamari. Mpira wa miguu ndio wa kubahatisha, kuna watu kumi na mmoja, kuna refa, kuna mvua. Tenisi ni mtu na mtu. Mimi nilimchagua namba moja wa dunia, na yule mwingine alikuwa hajulikani. Huo si ujuzi?"

Wazee waliokuwepo walimkemea kwa pamoja. Mimi nilinyamaza, kwani hoja ile haikuwa ya kipumbavu, na hoja isiyo ya kipumbavu haijibiwi kwa kemeo. Vijana wengi wa mijini mwetu wanayo hoja hiyo hiyo vichwani, hata wale wanaoswali safu moja na sisi. Basi tuichukue, tuitazame kwa utulivu.

Kwanza, tukio lenyewe. Machi 11, 2024, katika mashindano ya Indian Wells, California, Novak Djokovic wa Serbia alicheza na kijana wa Kitaliano wa miaka 20, Luca Nardi. Kule ilikuwa jioni, huku kwetu usiku ulikuwa unakwisha, katika siku za mwanzo za Ramadhani. Djokovic alikuwa namba moja wa dunia, mwenye mataji 24 ya mashindano makubwa, na taji la hapo hapo Indian Wells alikwisha lichukua mara tano. Nardi alikuwa namba 123. Zaidi ya hapo, Nardi alikwisha fungwa katika mechi za mchujo na akatolewa. Mchezaji mwingine alipojitoa, ndipo yeye akaokotwa kujaza nafasi. Ni mtu ambaye chumbani kwake alibandika picha ya huyo huyo Djokovic. Matokeo: Nardi alishinda seti mbili kwa moja, 6-4, 3-6, 6-3.

Je, kijana wetu alidanganywa? Je, Djokovic hakuwa bingwa wa kweli?

Tazama tena mfano mwingine. Rafael Nadal wa Hispania alikuwa hajafungwa hata mechi moja katika udongo wa Roland Garros, Paris, tangu alipoingia pale mwaka 2005. Alikwisha shinda mechi 31 mfululizo na kuchukua mataji manne. Mei 31, 2009 akakutana na Robin Söderling wa Sweden. Wiki chache kabla yake, kule Roma, Nadal alikuwa amemfunga Söderling huyo huyo 6-1, 6-0. Mwenye kwenda kwa hesabu angesema nini? Angesema mechi imekwisha kabla haijaanza. Söderling akashinda kwa seti tatu kwa moja.

Wala mtu wa Kagera hahitaji kwenda Paris kuyajua haya. Mei 19, 2018, Simba walikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wamekwisha kuwa mabingwa, hawajafungwa mechi hata moja ya ligi msimu ule. Rais Magufuli yupo jukwaani kuwakabidhi kombe. Wageni wao ni Kagera Sugar. Siku hiyo ya sherehe, Kagera Sugar wakashinda bao moja kwa sifuri. Bukoba walishangilia, na mimi nakiri nilishangilia pamoja nao. Lakini nani aliyeweza kusema kwamba kwa bao lile Simba hawakuwa mabingwa? Kombe walibeba, na walistahili.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Sifa ya mtu kuwa bora ni habari ya yale aliyokwisha yatenda. Siyo ahadi ya yale atakayotenda kesho. Roger Federer, alipozungumza na wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, Juni 2024, aliwaeleza hesabu ya maisha yake: alicheza mechi 1,526 za mtu mmoja mmoja, akashinda karibu asilimia 80. Lakini ukihesabu pointi moja moja, alishinda asilimia 54 tu. Ndugu msomaji, tafakari hesabu hiyo. Mmoja wa wachezaji wakubwa kupata kutokea duniani alipoteza karibu nusu ya pointi zote alizocheza. Ukubwa wake wote ulikaa katika zile pointi nne juu ya hamsini. Kwa mwendo wa miaka ishirini, tofauti hiyo ndogo inajikusanya na kuwa mlima. Kwa jioni moja, katika mechi ya seti tatu, inaweza kupeperuka kama vumbi. Goti likiuma, usingizi ukikosekana, au mpinzani akiamka siku hiyo kila mpira unamtii, basi.

Kwa hiyo kijana alikuwa na ujuzi, lakini ujuzi wa jambo gani? Alijua nani ni bora. Hakujua nani atashinda. Hayo ni mambo mawili, na kati yake pana kitu kinachoitwa ghaibu, ambacho funguo zake hakupewa mwanadamu. Kamari nzima imejengwa kwa kumfanya mtu aamini kuwa mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Na kuna jambo alilolisahau katika ujuzi wake. Alichokijua yeye, kampuni nayo ilikijua. Ndiyo maana bingwa hulipiwa kidogo. Tuseme kampuni inakupa faida ya shilingi 50 kwa kila shilingi 1,000 utakayoweka juu ya bingwa. Ukikosa mara moja, inakubidi upatie mara 20 ili urudishe tu kilichopotea. Na kwa kuwa faida ni ndogo, anayetaka fedha ya kuonekana huweka dau kubwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu: hakuweka nauli ya siku, aliweka kibanja. Uhakika wake ndio uliomuangamiza, siyo mashaka yake. Mwenye mashaka huweka kidogo.

Tena wenzetu wa serikali hawakuficha jambo. Chombo kinachosimamia biashara hii, kilichoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, kinaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Jina lipo wazi. Sisi ndio tuliobadilisha majina, tukaita "kuchambua", "kusuka mkeka", "ujuzi".

Hapo kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza alinirushia swali: "Mbona hata mkulima anabahatisha? Anapanda, hajui mvua itakuja?" Ni swali zuri. Lakini mkulima akivuna, migomba yake haikumnyang'anya mtu. Amechanganya jasho na udongo, kikatoka kitu ambacho hakikuwepo, na jirani naye akala. Mwenye kubeti akishinda, shilingi yake imetoka mfukoni mwa aliyekosa, hapakuzaliwa hata punje. Mkulima anaibeba hatari kwa sababu hana budi katika kutafuta riziki. Mcheza kamari anaitafuta hatari yenyewe, ndiyo bidhaa anayonunua.

Isije ikadhaniwa kwamba nalaumu mchezo. Mchezo una heshima yake katika dini hii, na kisa kinachonijia kila nisikiapo habari za bingwa kuangushwa kimo humo humo michezoni. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, ambaye katika mbio alikuwa hapitwi. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito, ikaonekana nyusoni mwao. Mtume (S.A.W.) alipoitambua huzuni yao aliwafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kuwa hakuna kitu kinachojiinua katika dunia hii ila atakishusha. Kisa hiki amekipokea Anas bin Malik (R.A.) na kimo katika Sahihi ya Bukhari.

Tuzingatie yasiyokuwemo katika kisa hicho. Bedui hakulaumiwa, wala hapakutafutwa kisingizio kwamba Adhbaa alikuwa mgonjwa. Hapakusemwa pia kwamba ushindi wake wa nyuma ulikuwa wa bure. Kilichosahihishwa ni mioyo ya wale walioanza kuamini kwamba kuna kiumbe asiyepitwa. Na hao walikuwa Masahaba! Siku ya Hunayn Waislamu walitoka watu 12,000, wakaupenda wingi wao, na mwanzo wa vita wingi ule haukuwafaa kitu. Ikiwa wao walikumbushwa, sisi ni nani?

Wengine watasema: kama kila kilichopanda kitashushwa, kuna faida gani ya kujitahidi? Jibu lake analo Nadal. Mwaka mmoja tu baada ya kuangushwa alirudi Paris, akafika fainali ya 2010, akamkuta Söderling yule yule, akamfunga. Hadi anastaafu alikuwa na mataji 14 ya pale, ameshinda mechi 112 na kufungwa nne tu. Na Söderling, aliyeuangusha mlima? Mwaka 2011, akiwa bado katika nguvu zake, alipatwa na maradhi ya homa ya tezi, na hakurudi tena katika mashindano. Mtu asome hapo hatua zote mbili. Aliyeanguka hakuzuiwa kuinuka, na aliyeangusha hakupewa hati ya kudumu. Kuanguka hakumwondolei mtu thamani ya juhudi yake, kunamwondolea madai ya kuimiliki kesho.

Na sisi tunaoshangilia mkubwa akianguka tujitazame. Kufurahi kwamba mnyonge ameweza, ni furaha njema, inampa moyo kila mnyonge. Lakini kufurahi kwamba mtu ameumia kwa sababu tu alikuwa juu, hiyo ni husuda iliyovaa jezi. Mara nyingi zote mbili huwa katika kelele moja, na mwenye kujua ipi ni ipi ni wewe na Mola wako.

Sasa nirudi Kagondo, kwani pale palikuwa na jambo jingine ambalo wazee hawakulikemea. Kijana alikaa katikati anahukumiwa. Aliyenunua kahawa alikaa juu ya kiti, kwa heshima zake, mtu wa safu ya mbele msikitini. Nikauliza: na huyu je? Amenunua matunda ambayo bado hayajaonyesha uzima, na Mtume (S.A.W.) alikataza matunda kuuzwa kabla hayajaonyesha uzima wake. Amenunua kwa bei ambayo yeye mwenyewe anajua ni ya mtu aliyebanwa. Butura hiyo hiyo hata serikali imekuwa ikiikataza. Kijana aliweka dau juu ya raketi, na huyu ameweka dau juu ya maua ya kahawa na juu ya shida ya mwenzake. Tofauti ni kwamba yeye ameshinda. Je, kamari inakuwa haramu kwa aliyeshindwa tu?

Pakawa kimya. Kisha maneno yakawa mengi, nayo si ya kuandikwa hapa. Mwisho wake ulikuwa huu: mnunuzi alikubali, si kwa furaha, kupokea fedha aliyoitoa bila nyongeza na kuiacha kahawa kwa mwenyewe. Jamaa tulichangishana ikatimia. Kijana atatulipa kidogo kidogo kwa pikipiki yake.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza, usiku ule wa mechi, daku ulikula? Akasema hakula, macho yalikuwa kwenye simu. Na swala ya Alfajiri? Hakujibu. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo kwamba baba yake hakumuuliza habari ya kahawa kwanza, alimuuliza hiyo swala.

Basi nawauliza wazazi na maimamu wenzangu wa mijini, Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko: vijana wetu wanaokesha na simu usiku, nani anazungumza nao kwa hoja, kabla kibanja hakijauzwa? Na wale wanaonunua shida zao kwa bei ya kutupa, nani atawaambia wasogee kutoka safu ya mbele?

Wabillahi tawfiq.